Mpiga Vigelegele wa Wagombea Watatu

Ndugu zangu, kaeni tu, msisimame. Najua mmechoka. Tangu kampeni za udiwani zianze hakuna mtoto aliyelala mchana katika kata hii. Gari la matangazo la huyu likiondoka, la yule linaingia, na wimbo ni uleule, wamebadilisha jina la mtu tu. Na mimi nimechoka. Kwa hiyo leo sitapaza sauti. Nitawapa mfano mmoja, halafu nitawaambia kinachoniuma, halafu tutakwenda nyumbani.

Chukueni jiji lolote. Ndani ya jiji wekeni kata, ndani ya kata soko, na pale sokoni, kwenye safu ya vibanda vinavyotazama barabara, mwekeni mwanamke anayekaanga mihogo.

Mwanamke huyu Mungu alimpa sauti. Si ya kuimba, hapana. Kwaya walimjaribu wiki mbili wakamrudisha kwa heshima zote. Lakini vigelegele! Alikuwa akipiga kigelegele harusini, watu wa ng'ambo ya reli wanaacha kula na kuulizana nani anaoa. Mtaani walimwita Kinanda. Na alikuwa na jambo jingine, ambalo nataka mlishike: akianza yeye, wanawake wengine wote wanafuata. Hawajiulizi. Wanasikia Kinanda ameanza, midomo yao inafunguka yenyewe.

Basi ukaja uchaguzi. Wagombea watatu. Wa kwanza akamtuma mratibu wake wa hamasa, kijana mwenye kofia ya rangi za chama na simu tatu, akasimama mbele ya karai la mafuta.

"Mama, nasikia wewe ndiye Kinanda."

"Inategemea nani anauliza. Kama ni mtu wa ushuru, mimi ni mgonjwa."

Kijana akacheka. Akamweleza kazi. Kila mkutano atakaa mbele kabisa, chini ya jukwaa. Atapata kanga na chakula, na cha kurudi nacho nyumbani.

"Sasa nitajua vipi pa kupiga?" mama akauliza. "Maana mimi hizi hotuba zenu zinanipa usingizi."

"Wala usisikilize, mama yangu. Kazi yako ni kunitazama mimi. Ukiona nimevua kofia, achia."

"Na utaivua lini?"

"Mheshimiwa akisema jambo zuri. Au," kijana akashusha sauti, "mtu wa huko nyuma akianza kuleta habari zake."

Mnaona? Hakuajiriwa kusikia. Aliajiriwa kuona.

Baada ya wiki mgombea wa pili naye akamtaka, kisha wa tatu. Akawakubali wote. Siku ya huyu anavaa kanga ya huyu, siku ya yule anavaa ya yule. Kwa mmoja ishara ni kofia, kwa mwingine leso, kwa mwingine mwavuli unainuliwa. Jirani yake pale sokoni, mwanamke muuza dagaa, mwenye ulimi mkali kuliko pilipili anayouza pembeni, akajishika kiuno akamuuliza:

"Mwenzangu, hebu niambie. Wewe hasa ni wa nani?"

"Wote si watoto wa kata yetu?"

"Na kura utampa nani?"

"Kura ni siri, shoga. Kigelegele ndicho cha hadharani."

Wakacheka wote wawili. Na ninyi mmecheka. Chekeni, ni ruhusa. Lakini nawauliza: katika siku hizo zote, ni maswali mangapi yalisimama nyuma ya uwanja yakakaa chini bila kumalizika? Mzee mmoja alisimama kuuliza habari za maji, akafika kwenye neno "bomba". Mwalimu mmoja alisimama kuuliza vyoo vya shule, akafika "watoto mia sita na matundu". Kofia ikavuliwa. Mama yule hakumjua mzee wala mwalimu. Alikuwa amewapa mgongo. Yeye alitazama mbele, juu, kwenye kofia.

Miezi miwili akawafuata. Uwanja wa shule, stendi, kiwanja cha mpira, tena uwanja wa shule. Vumbi, jua, maji ya tangawizi kwenye chupa ili koo lisikatike. Miguu ikamvimba ndani ya ndala. Karai la mihogo akamwachia mama yake mzazi, bibi wa miaka sabini na kitu, akae nalo juani. Mwisho hata usingizini vigelegele vilimtoka. Alichoka uchovu ule ambao mtu hajiulizi tena anafanya nini, anauliza tu kesho ni wapi.

Zikiwa zimebaki siku tatu watu wapige kura, akapita sokoni asubuhi kumsalimia mama yake. Akakuta vibanda vya safu ile yote vimepigwa rangi nyekundu. X. Cha viatu, X. Cha dagaa, X. Cha kwake, kile alichokisimamisha kwa mabati ya kuungaunga mwaka aliofiwa na mume, kile kinachomlisha yeye na yule bibi, X kubwa kutoka dirishani mpaka chini, na rangi bado mbichi.

Watu wa halmashauri ya jiji walikuwa wamepita alfajiri. Barabara inapanuliwa. Tarehe? Hakuna aliyejua. Mtahamia wapi? Hakuna aliyejua.

Akakimbia kwa kijana wa kofia, maana siku ile ilikuwa zamu ya mgombea wa kwanza, na kila mtu alikuwa anasema huyo ndiye atakayeshinda.

"Mwanangu, leo nipe nafasi niulize swali moja tu. Vibanda vyetu vimepigwa X. Namwuliza mheshimiwa, tukivunjiwa tunakwenda wapi?"

Kijana hata hakukasirika. Naye alikuwa amechoka. "Mama, wewe ni wa kushangilia. Mshangiliaji akigeuka muulizaji, mkutano utakuwa wa namna gani?"

Akarudi kwa muuza dagaa. "Shoga, naomba uulize wewe. Uliza kwa niaba yetu sote."

Muuza dagaa akamtazama tangu kichwani mpaka kwenye ndala. "Mimi? Mbele ya Kinanda? Si wewe unayetuziba masikio kila siku?"

"Leo sitapiga. Haki ya Mungu, leo ukisimama wewe, mimi nitakuwa bubu."

"Apa kwa kitu ninachokijua."

"Naapa kwa hilo karai."

Jioni uwanja ulijaa. Mgombea akasema yake, barabara, taa, vijana, wazee. Akasema, kama wanavyosema wote, "Mwenye swali?" Na kule nyuma, muuza dagaa akapanda juu ya ndoo yake aonekane. Sauti haikuwa nzuri. Lakini ilikuwa wazi, na watu wakanyamaza, maana soko zima lilikuwa pale na kila mmoja alikuwa na X yake.

"Mheshimiwa! Sisi wa safu ya barabarani tumepigwa X. Kabla hatujakupa kura zetu, tuambie mbele ya watu hawa, tukivunjiwa vibanda tunakwenda..."

Kofia ikavuliwa.

Ndugu zangu, hakuamua. Nataka mnielewe hapo. Yule mama hakukaa akapima akasema, ngoja nimsaliti mwenzangu. Macho yaliona kofia, mdomo ukafunguka. Kikatoka kigelegele kirefu, safi, labda kizuri kuliko vyote alivyopiga maisha yake yote. Akakisikia kikitoka kama cha mtu mwingine. Na wanawake wote wakafuata, kama kawaida yao. Ngoma ikaingia. Spika ikaingia. Akageuka, akapunga mikono miwili juu, hapana, hapana, nyamazeni! Wakadhani anacheza. Wakapunga mikono nao.

Neno "wapi" halikusikika. Muuza dagaa akashuka kwenye ndoo, akaigeuza, akaondoka nayo.

Yule mgombea akashinda. Mwezi wa pili baada ya kuapishwa, tingatinga likaja asubuhi, na kufikia saa nne safu ile ilikuwa mabati yaliyopondwa. Mama akaliokota karai, akaenda nalo hivyohivyo, limejaa vumbi, mpaka ofisi ya diwani. Alisubiri tangu saa tano mpaka saa nane. Alipoingia hakuwa na nguvu ya kulia.

"Mheshimiwa, umetuacha tuvunjiwe. Hata pa kwenda hukutuambia."

Diwani akamtambua. Akamvutia kiti. Na sikilizeni alivyomjibu, kwa sababu hakumjibu kwa jeuri.

"Mama yangu, siku ile mlipouliza, nilikuwa na jibu mfukoni. Kile kiwanja cha nyuma ya machinjio ya zamani kilikuwa wazi, na nilikuwa nimejiandaa kukiahidi mbele ya watu wote, maana niliogopa. Nilijua soko likinikataa, nimekwisha. Nimeshika karatasi hivi, nafungua mdomo, nikasikia vigelegele. Uwanja mzima! Nikajisemea, kumbe watu hawa hawana tatizo. Nikairudisha karatasi mfukoni."

"Na kiwanja kiko wapi sasa?"

"Tumewapa mafundi seremala wa mtaa wa juu. Nao walipigwa X. Nilipokwenda kwao wakaniuliza swali hilohilo, wakakaa kimya wakinitazama mpaka nikajibu."

Hapo ndipo mfano wangu unapoishia. Mama yuko kwenye kile kiti na karai magotini.

Najua kuna mtu ananiandalia pingamizi. Atasema, huyo diwani ni muovu, kwa nini hakujibu tu, vigelegele viwepo au visiwepo? Kweli. Aliyesikia swali nusu alijua nusu iliyobaki. Dhambi yake iko palepale, na Mungu anaijua kwa jina. Sitamtetea hata kwa dakika moja. Lakini nisiposema yanayotuhusu sisi, nitakuwa nimewafurahisha tu, na wa kuwafurahisha mnao wengi wiki hizi.

Sisi ni akina nani katika habari hii? Tusijifanye muuza dagaa. Wengi wetu hatujawahi kupanda juu ya ndoo yoyote. Na msiseme, sisi tumesoma, sisi hatupigi vigelegele viwanjani. Hupigi kigelegele, unaweka dole gumba kwenye kundi la simu. Mtu ameandika, "Naomba kuuliza, ile michango ya mtaro ilifika wapi?" na kabla hajatuma ujumbe wa pili umeshamfunika kwa picha ya mgombea wako na mioyo kumi na miwili. Ulifikiri? Hukufikiri. Uliona kofia.

Na nawauliza jambo gumu zaidi. Mtaro ule unaopita nyuma ya nyumba yako, ukijaa unaingia chumba cha nani? Zahanati ile isiyo na mkunga, atakwenda kujifungua nani? Swali tulilolizima juzi uwanjani, tunadhani lilikuwa la yule mama mkorofi kule nyuma, yule asiyependa maendeleo. Tulimpa mgongo, hatukumwona uso. Lilikuwa letu. Yeye alikuwa ametumwa na shida zetu, na sisi tukamshusha.

Kumfuata mgombea si kosa. Mfuate, msikilize, mpende kama unampenda. Lakini mfuate na masikio yako. Mungu hakutupa sauti ili aje mtu wa kutuonyesha saa ya kuitoa. Kuna kushangilia kunakotoka kwenye shukrani, mtu amepata maji, analia, anapiga kigelegele, na mbingu zinafurahi. Na kuna kushangilia ambako ni mkono juu ya mdomo wa jirani. Kwa masikio vigelegele hivyo vinafanana kabisa. Ndiyo maana nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka kusikia furaha nyingi kiasi hiki katika kata ambayo haina furaha.

Jumapili ijayo wagombea wetu wameomba kuja hapa mbele. Wameiita salamu. Mzee wa kanisa ameniambia watakuwa na dakika tano kila mmoja, na vijana wa kwaya wameombwa kukaa viti vya mbele. Siwazuii kwaya. Naomba kitu kimoja tu. Mtu akisimama kule nyuma, hata kama ni yule mnayemchoka, hata kama sauti yake inakwaruza na maneno yake hayajapangika, nyamazeni mpaka afike kwenye neno lake la mwisho. Kisha endeleeni kunyamaza. Mtazameni aliyeulizwa, kanisa zima, mpaka ajibu.

Nimemaliza. Na tafadhali, kabla hamjaniitikia "Amina", nani ana swali?