Barafu ya Chilumbi

"Barafu haimngoji mwonjaji." Leo mmeisikia kwa mwenyekiti mkutanoni, mkacheka, na sasa mnaniuliza kijiji kisicho na hata friji moja kimeitoa wapi barafu. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Kiangazi kimoja, homa ya uti wa mgongo iliingia hapa Chilumbi. Mtu aliamka na maumivu ya kichwa, jioni shingo imekakamaa kama mpini. Kaka yangu Masima aliugua siku mbili tu, akafariki. Mama yetu, Mendwa, akabaki na mimi mgongoni.

Serikali haikulala. Ilifunga shule, ikasimamisha mnada na ngoma, na siku ya sita baada ya msiba wetu, lori hilo, honi na vumbi! Wauguzi wanne, na makasha ya chanjo yamejaa barafu. Watu walikimbilia uwanjani kwa vigelegele.

Lakini mnaijua desturi yetu: uwele mpya hauliwi kabla mzee wa kijiji hajauonja. Basi watu wakaamua na chanjo ni vivyo hivyo! Wakaficha mikono ndani ya mashuka, wakamngoja Mzee Ndahani. Akaja polepole, akatoa bega.

"Shikamoo babu," alisema Aneth, muuguzi mkuu. "Samahani, chanjo hii imeletwa kwa watoto na vijana, ndio wanaokufa zaidi. Nikikuchoma wewe, mtoto mmoja atakosa."

"Marahaba. Nisipoonja mimi, nani ataonja?" Akaketi, amenuna. Hakuna aliyesogea.

Jua likapanda. Aneth alifunua kasha, akapiga kelele: "Jamani, barafu inakwisha! Ikiyeyuka yote, chanjo inaharibika, tutaimwaga!"

Hapo mama yangu akapenya katikati ya watu. Mwanamke kijana, kumsemesha mzee hadharani!

"Babu, uwele tunakungoja uonje. Homa ilipomjia Masima wangu, ilikungoja?"

Mzee Ndahani alimtazama mama, machozi yakamlengalenga. Mara akainuka, akanichukua mgongoni mwa mama na kunipeleka mbele ya sindano yeye mwenyewe.

"Umesema kweli, mwanangu. Barafu haimngoji mwonjaji! Leteni watoto!"

Weee! Watu walimiminika, huyu anavuta mtoto, yule anavua shati mbio mbio. Mzee akawashika watoto mikono, na vijana waliotoroka kwa kuogopa sindano akawarudisha kwa fimbo. Mimi, naambiwa, nililia kuliko wote. Chupa ya mwisho ilifunguliwa kukiwa na vipande vichache vya barafu vinavyoelea.

Baada ya majuma mawili hatukuzika mtoto mwingine. Kijiji kilishangilia. Mama naye alishangilia huku akilia, maana lori lile lilikuwa limemkosa Masima kwa siku sita tu.

Kwa hiyo wajukuu zangu, msaada ukifika, msikae kuulizana nani atangulie. Barafu haimngoji mwonjaji.