Siku Panya Waliponyamaza

Sogeeni karibu. Aliyekaa chini ya dari atazame juu kwanza, akiona pametulia ndipo anyooshe miguu. Wapo wanaoisimulia hadithi hii huko mjini wakasema chatu alikuwa mrefu kama basi. Waongo hao! Basi lina mwisho. Msikilizeni anayejua kusimulia, kisha mtoe hukumu, maana waliokuwepo imewashinda mpaka leo.

Palikuwa na watu watatu, na kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mihayo, Mnyamwezi, muuza mkaa. Babu yake kule Tabora alikuwa katika chama cha wacheza nyoka, na Mihayo akarithi pua. Akipita uani kwako ananusa tu, anakwambia: hapa kapita nyoka, hapa kalala, hapa kakaa mpaka kachoka. Kasoro yake moja. Alikuwa mtani wa Waluguru, na mtaa mzima ule ni Waluguru. Mtani akisema kweli, nani atamsadiki?

Wa pili ni Bi. Sikujua, mkandaji wa wazazi. Mikono ile! Aliweza kumtoa mtoto mchanga ubavuni mwa mama yake, akamwogesha, akamvisha, akamrudisha, na wote wawili bado wanakoroma.

Wa tatu ni Mkude, fundi wa dari, ambaye Mungu alimpa vidole. Miaka yote ya kushikilia bodi za jipsamu juu ya kichwa ilimfanya akikamata kitu hakiachii. Siku moja ya Idi alimpa mtu mkono, ikabidi atekenywe ndipo yule mtu apate kwenda kula pilau.

Hawa watatu walikutanishwa na nyumba ya Tausi na mumewe Kobelo, pembezoni mwa Morogoro, pale mtaa unapoishia na mlima unapoanza kukanyaga viwanja vya watu. Nyuma ya ukuta kulikuwa na korongo la matete. Juu ya bati lililala tawi la mfenesi, na Kobelo alikataa kulikata mpaka fenesi lake liive.

Tausi alikuwa amejifungua binti, arobaini haijatimia, kwa hiyo hakutoka ndani. Mama yake, Bibi Semeni, alikuwa ameshuka kutoka mlimani kuja kumlea.

Basi, mtu anayeshinda kalala chali ndiye anayeijua dari. Wengine wanaipita tu. Tausi aliijua kwa masikio. Kila jioni panya walikuwa na mashindano yao huko juu: wanakwenda mbio, wanarudi mbio, wanagombana, wanaangusha vitu. Walimkera mpaka akawazoea kama majirani.

Kisha siku moja wakanyamaza. Wote. Kama redio iliyochomolewa.

"Sumu yangu hiyo!" Kobelo alijipiga kifua. "Nilisema mimi. Panya wa Morogoro hawanijui."

Tausi hakufurahi. Panya wakifa hunuka, na hawa hawakunuka. Na ukimya wao ulikuwa na uzito, kama ukimya wa watu wanaokusikiliza.

Siku chache baadaye alisikia kitu kikijivuta. Polepole. Kama mtu anayeburuta gunia la mchanga huku akisita kusikiliza kama kuna aliyeamka. Kikaja, kikaja, kikafika juu ya kitanda. Kikatulia.

Alimwambia mumewe. "Upepo," akasema Kobelo.

Akapotea kuku mweupe. "Nguchiro huyo." Akapotea mtetea, na vifaranga wake wakabaki wakilia uani. "Nguchiro na mkewe." Akapotea paka, dume zima lililokuwa likitisha mbwa. "Kafuata majike." Hapakuwa na damu wala unyoya mmoja. Kobelo alikuwa na jibu la kila kitu, na kila jibu lilimtosha yeye peke yake.

Kisha dari ikabonyea.

Ilibonyea juu ya kitanda, kama tumbo la mtu aliyeshiba. "Mvua imepenya," akasema Kobelo. Lakini jipsamu ilikuwa kavu, nyeupe, haina doa. Na jambo ambalo Tausi hakumwambia mtu, kwa kuogopa wasije wakasema uzazi umempanda kichwani, ni kwamba uvimbe ule ulikuwa unahama. Mwanzo ulikuwa juu ya miguu yake. Kisha juu ya kiuno. Sasa ulikuwa juu ya mtoto.

Alasiri hiyo wingu jeusi lilikuwa limeukalia mlima na umeme ulikuwa umekatika. Mihayo akaingia uani na gunia la mkaa begani, akitukana kwa furaha kama ada yake.

"Hodi, Waluguru! Mmeshiba ndizi au niwape mkaa mtafune?"

"Karibu, mpagazi," akajibu Bibi Semeni kutoka barazani. "Tua mzigo, ndiyo kazi mliyoumbiwa."

Mihayo akautua, akafungua mdomo arudishe, akaufunga. Pua ikacheza. Akatazama mfenesi, akatazama bati.

"Bibi, mtoto yuko wapi?"

"Kwani unataka kuoa?"

"Mtoeni ndani. Nyumba hii ina mpangaji. Chatu. Yuko darini, na ana njaa."

Bibi Semeni akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mwanangu Tausi, umemsikia mtani? Kweli sisi ni watoto wa kudanganywa? Mihayo, si wewe uliyejilaza kaburini kwenye msiba wa mume wangu, ukasema hutoki mpaka upewe jogoo? Si wewe uliyekuja juzi kuniambia marehemu kaonekana sokoni anachagua dagaa?"

"Bibi, ule ulikuwa utani."

"Na huu?"

"Huu si utani. Naapa."

"Ndivyo ulivyoapa kuhusu dagaa!"

Sauti ya Mihayo ikavunjika, na ndani chumbani Tausi akaisikia ikivunjika. Akatazama juu, akataka kumhamisha mtoto, akaogopa asije akachekwa kama mtani. Lakini Bibi alishanogewa.

"Basi mwiteni Mkude apande, tumuumbue Mnyamwezi huyu mbele ya mtaa. Na sikilizeni: kukiwa na chatu, atakayemwokoa mjukuu wangu, mtoto atachukua jina lake! Mbele ya Mungu!"

Majirani waliovutwa na kelele wakacheka. Nanyi mnajua, kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na bibi akishatamka jina limetamkwa.

Bi. Sikujua alikuwa chumbani akimkanda Tausi mkekani karibu na dirisha. Mtoto amelala kitandani ndani ya chandarua. Kazi ilikuwa imekwisha, mafuta yamefunikwa, lakini Bi. Sikujua hakuondoka.

"Shangazi, huendi?" Tausi akauliza.

"Nakaa kidogo. Yule mtani sijawahi kumsikia sauti ikimtetemeka."

Mkude akafika na ngazi, akaisimamisha kwenye ujia, akainua kifuniko cha dari, akamulika tochi. Kule juu kitu kikageuka. Nyumba nzima ilisikia kikigeuka. Na juu ya kitanda jipsamu ikalia *kwa*, ufa ukakimbia kama radi, unga mweupe ukamwagika juu ya chandarua.

Kichwa kikatoka.

Hakikuwa na haraka. Kilishuka kidogo, kikapumzika, kikashuka tena, ulimi ukionja joto la mtoto kwa juu ya chandarua. Tausi akafungua kinywa apige kelele.

"Kimya, mwanangu," akanong'ona Bi. Sikujua. "Ukilia ataamka, akiamka atacheza, akicheza ameliwa."

Akaenda, akapiga magoti, akapenyeza mikono chini ya pindo la chandarua. Kile kichwa kilikuwa dhiraa moja tu juu ya vidole vyake. Akamvuta mtoto kama anayechomoa uzi kwenye sindano. Chandarua hakikutikisika. Mtoto hakukunja hata uso. Chatu akaendelea kutazama mahali penye joto, na mwenye joto hayupo.

Hapo bodi ikaachia. Chatu mzima akaanguka, kitanda kikapasuka, na alipojikusanya alikuwa kati yao na mlango. Wakageukia dirisha. Dirisha lina nondo nene ambazo Kobelo aliziweka kuzuia wezi. Mwizi alikuwa ndani.

Chatu akainua shingo kuelekea kifurushi kile mikononi mwa Bi. Sikujua. Akaivuta nyuma kidogo. Tausi akafumba macho.

Alipoyafumbua, Mkude alikuwa ameikamata shingo ile kwa mikono miwili, nyuma tu ya taya. Chatu akamzunguka mkono, akamzunguka kifua, akakaza. Tausi akazisikia mbavu za fundi zikilia kama kuni mbichi motoni. Uso wa Mkude ukawa mweusi, macho yakatoka, lakini vidole havikuachia. Wanaume wakaingia, wakamfungua kuanzia mkiani, pete moja baada ya nyingine, na hata Mkude alipozimia vidole vikabaki vimefunga. Watu wa wanyamapori walipokuja na gunia lao ilibidi wamnyooshe kidole kimoja kimoja.

Arobaini ikafika. Pilau ikapikwa, mtoto akatolewa nje kuonyeshwa jua, na Bibi Semeni akasimama kutamka jina. Akakuta watu watatu wamekaa mkeka wa mbele.

"Bibi," akasema Mihayo, "bila pua yangu fundi asingeitwa, mkandaji angekwenda zake, na kitanda kingekutwa kitupu. Nilisema kweli mkanicheka. Mwiteni Mihayo."

"Pua haibebi mtoto," akasema Bi. Sikujua. "Fundi alipofungua dari ndipo nyoka alipoamka. Bila mikono hii, mngekuwa na jina bila mwenye jina. Mwiteni Sikujua."

Mkude bado hakuweza kuvuta pumzi ndefu. "Nyote wawili," akasema, "mmoja alikuwa uani, mwingine kaegemea nondo. Mimi ndiye niliyekumbatiwa. Binti kuitwa Mkude kuna ubaya gani?"

"Mpe yote matatu, mama," Tausi akanong'ona.

"Mtoto wa majina matatu akiitwa haitiki," akajibu Bibi. "Nami niliyasema kwa utani."

"Loo!" akaruka Mihayo. "Wangu ulikuwa kweli ukauita utani. Wako ulikuwa ahadi, nao unauita utani?"

Watu wakacheka, Bibi akainamisha kichwa. Hapo Mkude akakumbuka kitu. "Nilipokuwa naziba dari nilikuta magamba aliyojivua nyoka huko juu," akasema. "Mawili. Moja la yule tuliyemtoa. La pili…" akatanua mikono, akaona haitoshi, akaishusha.

Kicheko kikakatika. Wote wakamgeukia Mihayo.

Mihayo akainua pua, akanusa kuelekea batini, pale fenesi lilipokuwa bado halijaiva. Akanusa tena. Kisha akatabasamu.

"Nipeni jina," akasema, "nami nitawaambia kama yumo."

Bibi Semeni akamtazama usoni mtani wake. Akatafuta utani, akauona. Akatafuta ukweli, akauona pia. Na Tausi, mtoto kifuani, alikuwa amesimama kizingitini akisikiliza dari mpya nyeupe. Tangu yule chatu atolewe alikuwa akisikiliza kila jioni, akiomba, akingoja.

Panya hawakuwa wamerudi.

Haya, nimefika mwisho wa kamba, mshike ninyi. Msiniambie mnaogopa, hukumu haiogopwi. Yupo aliyenusa asisadikiwe, yupo aliyechomoa mtoto mdomoni mwa mauti, yupo aliyeyakamata mauti kwa vidole. Jina ni moja, na Bibi bado amesimama pale, kinywa wazi.

Wewe hapo uliyeacha kutafuna: mtoto umempa jina la nani? Sema haraka, kabla jua halijatua. Mama yake anataka kujua kama amrudishe ndani.