Kioo cha Harusi ya Shirazi

"Dinari zangu elfu mbili, Lorenso, ziwe hapa kabla sijameza mate," alisema Hawaja Behruzi mbele ya soko zima, "maana umeniuzia kioo kibovu. Mwizi we."

Hayo yalitokea mjini Shirazi, zama za Sultani Kaikaus, na kioo chenyewe kilikuwa cha harusi ya bintiye Behruzi, kwani ada ya huko ni bwana harusi kumwona mkewe kwanza ndani ya kioo, na sanduku lilipofunguliwa kikaonekana kina ufa katikati.

"Ndugu yangu, kilitoka Venisi kizima," alisema Lorenso, mfanyabiashara wa Venisi. Miaka ishirini walikuwa wamebadilishana hariri kwa vioo, bila hati, mkono kwa mkono tu, na watoto wa Lorenso walilala kwa bembelezi za Kishirazi. Lorenso akazihesabu dinari, akamlipa, akaweka mkono kifuani, akaenda zake asirudi tena. Harusi ikapita, na kioo kikatupwa ghalani.

Mwaka wa saba baada ya harusi Behruzi alikipangusa vumbi kwa mkono wa kanzu, na kwenye ufa akachomoza jini, mwembamba kama mvuke wa kahawa.

"Labeka, bwana. Mafundi wa Venisi walinifunga humu, nami sijui kusema uongo."

"Nani aliyekipasua?"

"Wewe. Uliwafokea wapagazi kwa kuchelewa, ukalipiga sanduku teke."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Hukuniuliza, bwana. Ulikuwa unapiga kelele."

Behruzi akaketi juu ya gunia. Kisha akatwaa dinari elfu nne, akamwamuru jini ampeleke Venisi, na kufumba na kufumbua akawa mlangoni kwa Lorenso, akajitaja jina, akafunguliwa na mjane wa rafiki yake, Bi Katerina.

"Umechelewa, shemeji," alisema mama yule. "Alikungoja mpaka kufa kwake, akisema, Behruzi ana hasira, lakini ni mtu wa haki, atakuja."

Behruzi akauweka mfuko mezani huku machozi yakimtoka. Bi Katerina akausukuma ukamrudia.

"Fedha ninazo. Mume wangu ulimwita mwizi sokoni, watu wakisikia. Rudi Shirazi, simama pale pale, uwaambie wale wale kwamba hakuwa mwizi, na teke lilikuwa lako. Hilo ndilo deni letu. Lipa."