Kasuku Ahamia Ghorofani

Kama ujanja ungekuwa unga, Ngwali angelisha mtaa mzima ugali na akabakiza ukoko. Alikuwa kapera, amepanga chumba kwa Mzee Mbarouk, na mali yake yote ilikuwa kasuku mmoja aliyejua kusalimia wageni.

Mzee Mbarouk akamtamani yule ndege. "Nipe kasuku, au hama chumbani kwangu."

"Mzee wangu, huyo ni wako," Ngwali akajibu. "Niachie wiki moja tu nimfunze adabu za nyumba kubwa. Huyu kazoea uswahilini."

"Hapo umenena kama mpangaji."

Wiki ilipoisha, kasuku akapandishwa ghorofani. Jioni Bi Riziki, mke wa mzee, akarudi kutoka harusini, bangili zimemjaa mpaka kiwikoni. Alipofika mlangoni tu, kasuku akapaza sauti:

"Nyamaza, mpenzi, mke wangu anakuja!"

Asubuhi mzee mwenyewe alimrudisha ndege, jicho limemvimba.

"Chukua shetani wako! Riziki kapekua mpaka chini ya kitanda!"

"Pole, mzee. Lakini kasuku hatungi, husema alichosikia."

"Ishia hapo hapo, mke wangu asikusikie! Chumba kaa, kaa tu, ila ndege huyu nisimwone tena."

Ngwali akafunga mlango. Akatoa mfukoni bangili mbili za kuazima, akazigonganisha.

"Nyamaza, mpenzi, mke wangu anakuja!" akasema kasuku.

Ngwali akampa karanga yake.