Kiboko Alivyoruka Tangazo

Haya, masikio yapo?
Yapo!
Yameoshwa?
Yameoshwa!
Basi paukwa!
Pakawa!

Hapo kale, si kale sana maana simu zilikuwapo, shule ya wanyama ililetewa riwaya ya mtihani. Riwaya gani ile! Haina nukta. Inaanzia katikati, inarudi nyuma, na shujaa wake anaongea kichwani mwake mpaka kurasa zinakwisha. Atakayeshindwa kuieleza, masomo yake basi.

Aliyedai kuielewa ni Profesa Kiboko peke yake. Ukitaka akueleze ukurasa mmoja, mpelekee tikiti. Anakula, kachu kachu kachu, anafumba macho, anasema, "Hii ina kina sana. Lete jingine."

Mwalimu Pimbi akachoka. Yeye ni mdogo, lakini kwao ni juu jabalini, na mtandao ulishika jabalini tu. Akawaita wanafunzi, akawasha kishikwambi, ti! Wakapata sauti ya mtu akiusoma ukurasa taratibu. Wakapata mchoro wa ukoo wa wahusika. Wakapata wasomaji wa mbali wakizozana juu ya sentensi moja. Wakasikiliza, wakabishana, wakarudi kitabuni. Komba, aliyekuwa akilia kila akifungua riwaya ile, siku hiyo alicheka.

"Kumbe shujaa hajachanganyikiwa, Mwalimu! Anamkumbuka mama yake!"

Kiboko akasikia, akavimba. "Fasihi kwenye simu? Marufuku! Jumamosi tukutane barazani. Nikiieleza vizuri kuliko wewe, darasa lako nalifunga."

"Njoo," Pimbi akamjibu. "Kitabu kikisomwa na wengi hakiishi, Profesa. Kinachoisha ni matikiti."

Moyoni aliogopa, nisiwafiche. Lakini kesho yake akakuta kishikwambi kimepakwa tope, na nyayo pana pana zimeshuka jabali. Pimbi akacheka mpaka sharubu zikamcheza. Kumbe mkubwa anakuja kunakili! Basi akatengeneza ukurasa wake mwenyewe, maelezo mazuri kabisa, na katikati akatia yale maneno ya mtandaoni ambayo kila mtoto anayajua. Akauacha wazi. Mchana, puh! puh! puh! Kiboko huyo akapanda, akakariri yote.

Siku ya baraza Kiboko akasimama juu ya sakafu ya mbao, matope chini yake, tumbo mbele.

"Shujaa huyu hajui kama yuko jana au leo. Bonyeza hapa."

Komba akainua mkono. "Tubonyeze wapi, Profesa?"

Kiboko hakujua, na kusema "sijui" hakuweza. "Hapa!" akaonyesha tumbo.

Wanafunzi wakabonyeza. Bwii! Matikiti yakanguruma ndani, buruuu!

"Mawazo yake hayana nukta, kwa sababu huzuni yake haina nukta. Ruka tangazo."

"Turuke sisi au wewe?" Pimbi akauliza kwa adabu zote.

"Mimi! Profesa ni mimi!" Akaruka. Pu! Baraza likatikisika. "Ruka tangazo!" Akaruka tena. Pu! "Ruka tangazo!" Safari hii sakafu ikasema kwaa, na Kiboko akatumbukia matopeni, chubwi!

Wote wakacheka isipokuwa Pimbi. Akasogea ukingoni.

"Profesa, sentensi ya huzuni ni nzuri. Tuliitafuta mimi na wanafunzi wangu, na tuliumia kuipata. Darasa letu halifungwi na mtu. Ukitaka kuelewa, jabali lile pale. Panda mbele ya watu, uje mikono mitupu."

Wanafunzi wakapanda jabalini mbele ya macho yake, wamekiinua kitabu juu.

Hadithi yangu naitua hapo, mgongo unaniuma. Mwenye nguvu na aibebe.

Na funzo lake ni hili, wanangu: mtandao ni hatari tupu. Mmeona wenyewe ulivyomrusha mtu mzima na heshima zake. Kwa hiyo mkikuta kitabu kigumu, msiulize, msitafute, msibishane. Mpelekeeni mkubwa tikiti, mkae kimya, naye atafumba macho kwa niaba yenu.