Mgombea Aliyekosa Watu

Ndugu zangu, leo nimekuja nimekasirika, na nawaambia mapema mtu asije akasema mchungaji kaamka vibaya. Nimeamka vizuri tu, na chai nimekunywa. Kilichonikasirisha ni neno ninalolisikia kila kona tangu kampeni zianze, sokoni, kwenye bodaboda, hata hapo nje kwenye ngazi za kanisa: "Yule mgombea ni mzuri, lakini hana watu." Hana watu! Haya, kaeni vizuri niwape mfano.

Palikuwa na mji mdogo wenye kiwanja cha mnada katikati, na maduka yamekizunguka pande zote. Watu wa mji ule walikuwa na desturi yao. Jeneza likipita, kila mwenye duka hufunga upande mmoja wa mlango, akasimama ndani kimya mpaka msiba upite. Desturi nzuri, ya heshima, sina ugomvi nayo.

Zahanati ya mji huo ilikuwa na wodi ya wazazi isiyo na maji. Bomba lipo ukutani, halitoi hata tone. Mke akishikwa na uchungu, mume anabeba ndoo ya maji kutoka nyumbani, na ndoo ikiisha, imeisha. Kando ya kiwanja aliishi fundi cherehani na mkewe. Mtoto wao wa kwanza aliitwa Tumsifu. Wa pili walimzika kwa sababu ya uchafu wa wodi ile. Sasa mama alikuwa na mimba ya tatu, na siku zake zimekaribia.

Ukaja uchaguzi wa rais. Rais aliyekuwapo madarakani alikuwa na misururu ya magari, na helikopta, na fulana na kofia za kugawa. Mpinzani wake alikuwa mama mmoja, zamani mkunga wa zahanati ile ile. Nusu ya vijana wa mji ule aliwapokea yeye kwa mikono yake. Alikuwa na gari moja bovu lenye spika juu, na ahadi moja kubwa: "Nikiingia Ikulu, hakuna mwanamke atakayejifungua kwa maji ya ndoo." Kampeni yake ilikuwa inachechemea. Wakubwa wa chama chake wakamwambia, mama, pita kwenu. Kama hata kwenu hawatatokea, bora tuache. Akasema sawa, kwetu watatokea.

Siku ya mkutano gari likaingia kiwanjani. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshaweka kiti chake pembeni, kanyoosha miguu, anaangalia nani atakuja. Hakumkataza mtu, hakushika hata fimbo. Alikaa tu. Na mnajua mji ule ulifanya nini? Kila duka likafunga upande mmoja wa mlango! Jamani! Mtu mzima wa afya, aliyewapokea watoto wao, wakamfanyia desturi ya maiti! Wakasimama ndani wametega masikio, ili wakiulizwa waseme, "Mimi? Mbona nilikuwa nimefunga?"

Yule mama akahutubia kiwanja kitupu, na hakuna neno lililopotea. Muuza nyama nyuma ya mlango wake anaitikia kwa kichwa. Mwenye duka la mbegu anafuta machozi kabisa. Halafu kila mmoja anachungulia nje, anaona hakuna mtu, anajiambia moyoni: maskini, mama wa watu hana watu.

Mke wa fundi akamwambia mumewe, "Baba Tumsifu, hebu tutoke tukasimame pale."

"Tukasimame na nani? Huoni hakuna mtu?"

"Si tutakuwapo sisi?"

"Mama Tumsifu, wewe nawe! Watu wawili ni mkutano? Yule mwenyekiti unadhani amekaa pale kuota jua? Kura ni siri. Nitampa siku ikifika, nikiona ana dalili ya kushinda. Sitaki kura yangu ipotee bure."

"Na mwanetu, yeye hakupotea bure?"

Fundi alirudi kwenye cherehani yake akaikanyaga kwa nguvu ili asisikie mengine. Mkewe akachukua kigoda, akatoka peke yake, tumbo mbele, akaenda kuketi katikati ya kiwanja, jua lote likimwakia. Mgombea akateremka garini, akamshika mkono.

"Mwanangu, umekuja na nani?"

"Nimekuja mwenyewe, mama. Wenzangu wako ndani, wanakusikiliza."

Mgombea akaitazama ile milango, akasema, "Mwanangu, walio ndani siwezi kwenda nao popote."

Wiki iliyofuata redio ikatangaza kwamba amejitoa. Amezunguka nchi, amefika hadi kwao, ameona hana watu.

Loo! Mji ukawaka moto! Ile milango ikafunguliwa pande zote mbili. "Ametusaliti!" "Kahongwa huyo!" Muuza nyama katoka na kisu mkononi, aproni ina damu. Fundi katoka na futikamba shingoni, na ndiye aliyepiga kelele kuliko wote: "Tulimtegemea! Kura yangu mimi ilikuwa yake!" "Hata mimi!" "Kumbe na wewe?" Kiwanja kikajaa, wengine wakapanda juu ya mapipa. Na mwenyekiti alipouona ule umati, akabeba kiti chake taratibu, akaingia kwake, akafunga mlango.

Mke wa fundi alikuwa amesimama kizingitini, ameshika kiuno. Akamwita mumewe, akamuuliza mbele za watu, "Baba Tumsifu, hawa ndio watu aliokuwa hana?"

Waliopanda juu ya mapipa wakaanza kushuka, mmoja mmoja.

Naona mnataka kuniuliza habari za mtoto. Alizaliwa mwezi ule ule, kwa ndoo moja ya maji aliyobeba baba yake. Haikutosha. Msinitazame hivyo! Mnamlilia mtoto wa mfano, na hapa kwetu wako wa kweli!

Sisi ndio mji ule, ndugu zangu. Tunamwogopa mtu mmoja na kiti chake, na tukitoka wote anakimbia yeye! Tunataka mtu ashinde kwanza ndipo tumuunge mkono. Nani hapa aliwahi kusubiri mavuno ndipo apande? Halafu mwenzetu akichoka kusimama peke yake, tunamtukana kwamba ni mwoga. Mwoga ni nani? Na si mambo ya urais tu. Mjane anadai kiwanja chake barazani, sisi tunamwonea huruma tukiwa ndani, tunamnong'oneza gizani, "Dada, tuko pamoja." Pamoja wapi?

Sikutumwa na chama, na sitawaambia mumpe nani. Mwingine hapa anampenda rais aliyepo kwa moyo wote, na ni haki yake. Lakini Jumamosi kuna mikutano katika mji wetu huu. Nenda kwa yule unayemwamini, kasimame mbele, uonekane. Anayeogopa, akae nyumbani kwake kwa amani. Ila Jumapili asije kuniambia pale kwenye ngazi kwamba fulani ni mzuri lakini hana watu. Nitamuuliza mbele ya mkewe na watoto wake: kwani wewe si mtu?

Tusimame tuombe.