Kitalu cha Naetwe

Zamani, wajukuu zangu, zamani zile milima ilipokuwa bado ikigombana ni nani mrefu, ilikuwa Alhamisi, saa moja asubuhi, umande haujakauka. Msiniulize nani aliitazama saa. Saa ilikuwa jua, na jua halijapata kuchelewa.

Asubuhi hiyo Naetwe, bibi arusi mgeni, alishika jembe atengeneze kitalu chake. Desturi ya mlima ule ilikuwa hivi: mke mpya huja na mbegu za mboga ya mnavu kutoka kwa mama yake, kafundo kamoja tu ndani ya kitambaa. Zikiota, mavyaa, mama wa mumewe, humpa kaa la moto, akawashe jiko lake mwenyewe. Zisipoota, atakula jikoni kwa mavyaa mpaka mvua za mwaka mwingine, na mama yake huko kwao atasikia. Mnaona? Kichwa cha Naetwe kilichemka kabla ya chungu.

Akalima, akalima, akalima. Kisha akayatazama madongoa, akaona haya.

"Mbegu ndogo kama hizi zitapita wapi?"

Akayabeba madongoa, akayatia kwenye kinu, akatwanga! Cheka tu, wewe uliyeziba mdomo. Akatwanga, akachekecha, akatwanga, akachekecha. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri akaiona uchafu, akaitupa. Majani yaliyooza, akayatupa. Ukabaki udongo mwekundu, laini, hata unga wa harusini haufui dafu. Akasia mbegu, akamwaga maji kwa kata, mwaa!

Jua likawaka. Na udongo ule, wajukuu zangu, ndio ule ule waliokandikia watu nyumba.

Siku zikaenda. Vitalu vya jirani vikawa kijani. Cha Naetwe kimya. Akaja mavyaa wake, Bi Nangasu, na fimbo yake.

"Hodi kitaluni!"

"Karibu, mama."

Bi Nangasu akagonga chini: ko, ko, ko. "Mkamwana, mlango uko wapi?"

"Mlango gani, mama? Hiki ni kitalu."

"Ala! Nami nikadhani ni ukuta umelala. Sisi huku hukandika ukuta umesimama. Kwenu huulaza?"

Naetwe akacheka kidogo, kisha akalia kweli. "Mama, nizichimbue?"

"Uzivunje shingo? Desturi imenikataza kutia mkono kwenye kitalu chako. Mdomo haikuukataza. Hebu niambie, mtoto akilala sana, utamwamsha kwa jembe?"

"La, mama. Nitamnyunyizia maji usoni."

"Haya. Umejijibu mwenyewe. Mimi sikusema kitu."

Naetwe akafunga kicha cha majani, akakichovya mtungini, akanyunyiza taratibu kama mvua ya manyunyu. Akaiokota ile samadi aliyoitupa, akaifikicha, akaitandaza juu. Akafunika kwa majani makavu ya mgomba, jua lisiukaushe udongo tena. Asubuhi akanyunyiza, jioni akanyunyiza. Na kila jioni fimbo ikapita njiani.

"Mkamwana! Ukuta umeamka?"

"Bado, mama."

"Uache ulale, pengine ulichoka kutwangwa."

Ikafika jioni moja, Naetwe akafunua jani la mgomba. Udongo umepasuka ufa mwembamba, na ndani ya ufa shingo nyeupe imejikunja. Na nyingine pale. Na nyingine! Unadhani alipiga kigelegele? Thubutu! Aliziba mdomo kwa viganja viwili, asizishtue zikarudi ndani.

Basi shikeni hili: udongo si unga. Ukiusafisha kupita kiasi, unaunyima pumzi, na mbegu haioti kwa hofu ya mpanzi. Lakini asiniambie mtu kesho kwamba bibi amemkataza kuoga.

Kulipokucha Naetwe alichukua kigae, akaenda kwa mavyaa wake akapiga magoti.

"Naomba moto, mama."

"Moto wa wapi?"

"Wa jikoni kwangu."

Bi Nangasu akachagua kaa kubwa kuliko yote, akamtilia. Naetwe akawasha mafiga yake, akateleka maji matupu, maana mnavu wake ndio kwanza ulikuwa unatoa shingo. Bi Nangasu akaja na bakuli, akaketi, akapuliza, akanywa, akajilamba midomo.

"Mkamwana, chumvi imepungua."

Naetwe akainuka, akatia chumvi.

Kisa kimeiva, nimekiepua. Mwenye njaa na apakue.